Panya Akiacha Pombe, Je, Mtu Ataacha? Somo Kuhusu Dawa za Mimea na Uraibu wa Pombe

Na Mwandishi Wetu, Ngoingwa

Baada ya mkutano mmoja wa wakazi wa Ngoingwa, viungani mwa mji wa Thika, mama mmoja alinivuta kando. Alifungua mkoba wake akatoa pakiti ndogo ya unga wa kahawia aliyouziwa karibu na steji. Ndani ya pakiti mlikuwa na karatasi iliyosema kwamba dawa hiyo ya mitishamba "imejaribiwa kwa wanyama" na kwamba humfanya mlevi kuchukia pombe. Muuzaji alikuwa amemwelekeza kuitia kwenye chai ya mumewe kila asubuhi bila kumwambia.

"Kijana wangu, wewe umesoma," alisema. "Kama panya waliacha, si na yeye ataacha?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilimwomba asubiri kidogo kabla ya kuitumia, nami nikaenda kusoma na kuwauliza wahudumu wa afya. Kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye swali hilo katika kaunti yetu, nimeliandika kama somo. Lisome, kisha ulijadili na wenzako kanisani, msikitini, chamani au katika Nyumba Kumi yenu.

UKUBWA WA TATIZO

Utafiti wa kitaifa uliotolewa na NACADA mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba takriban Mkenya 1 kati ya kila 20 walio na umri wa miaka 15 hadi 65 ana uraibu wa pombe. Hapa hatuzungumzii mtu anayekunywa chupa moja harusini. Tunamzungumzia yule ambaye mwili na akili yake vimefika mahali ambapo bila pombe hawezi kupitisha siku.

Uraibu ni ugonjwa. Pombe hugusa sehemu za ubongo zinazompa mtu raha na zinazomtuliza. Ikiingia kila siku kwa miaka, ubongo hujipanga upya ukiitegemea. Ndiyo maana mtu huapa asubuhi mbele ya watoto wake, na kwa dhati kabisa, kisha jioni miguu ikampeleka kule kule. Anayedhani ni ukosefu wa aibu tu hatatafuta tiba. Atatafuta mbinu ya kumwaibisha au kumtega, na wauzaji wa unga wanalijua hilo.

KWA NINI WANYAMA HUTUMIWA?

Dawa yoyote mpya inaweza kuua. Kwa hiyo kabla ya kupewa binadamu, hujaribiwa kwanza maabarani, kisha kwa wanyama, ili kujua mambo mawili: je, inafanya kazi, na je, ni salama?

Kuhusu pombe, jaribio linalotumika sana ni rahisi kueleza. Mnyama huwekewa chupa mbili kwenye kizimba chake, moja ya maji na nyingine ya maji yaliyochanganywa na kileo. Kila siku watafiti hupima amekunywa kiasi gani kutoka kila chupa. Njia hii imetumika tangu miaka ya 1940. Mwaka wa 1959 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba aina fulani za panya wadogo hupenda pombe kuliko wenzao. Panya wa aina inayoitwa C57BL huiendea chupa ya pombe, ilhali wale wa aina ya DBA huikwepa. Hilo lilitufundisha kwamba sehemu ya tabia hii hurithiwa, wala si malezi pekee.

Mnyama akishazoea pombe, watafiti huwagawa katika makundi. Kundi moja hupewa kemikali iliyotolewa kwenye mmea, na kundi jingine hupewa kitu kisicho na dawa. Kisha chupa hupimwa tena.

Hapo mtafiti makini huuliza maswali ambayo muuzaji wa steji hayaulizi. Je, mnyama alipunguza pombe peke yake, au aliacha pia chakula na maji? Akiacha vyote, huenda dawa imemfanya mgonjwa tu. Je, amelala siku nzima? Mnyama aliyelala hanywi chochote. Je, ini lake liko salama? Dawa ikikatizwa, je, anarudia chupa kwa kishindo? Jibu la "alipunguza kunywa" halina maana mpaka maswali hayo yote yajibiwe.

KISA CHA MZIZI WA KUDZU

Mfano bora wa safari hii ni mmea unaotambaa uitwao kudzu, wa jamii ya kunde, unaopatikana Uchina na Japani. Waganga wa Uchina wameutumia kwa walevi kwa zaidi ya miaka 1,000.

Mwaka wa 1993, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wing Ming Keung na Bert Vallee, waliamua kuupima. Walitumia hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya ambaye hupenda pombe kwa asili. Walipowapa dondoo la mzizi huo, hamsta walipunguza pombe. Kisha wakatenga kemikali mbili zilizomo ndani yake, daidzini na daidzeini, na kila moja ikapunguza unywaji wa pombe kwa zaidi ya nusu. Ilikuwa habari kubwa, na kama kungekuwa na steji pale, pakiti zingeuzwa jioni hiyo hiyo.

Lakini somo halikuishia kwa hamsta. Mwaka wa 2000, madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa mzizi wa kudzu askari wa zamani waliokuwa na uraibu wa muda mrefu. Wagonjwa walikuwa 38. Wengine walipewa kudzu, wengine vidonge visivyo na dawa. Mwishoni mwa mwezi, hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Dawa ile ile iliyomsimamisha hamsta haikumsimamisha mtu.

Miaka 5 baadaye, Scott Lukas na wenzake walijaribu tena wakitumia dondoo lililopimwa vizuri zaidi. Waliwaalika wanywaji 14 katika chumba kilichotengenezwa kama sebule, chenye televisheni na friji iliyojaa bia. Baada ya kutumia dondoo kwa siku 7, watu hao walikunywa bia chache na kwa mwendo wa polepole. Mwaka wa 2013, timu hiyo ilirudia kwa wanaume 17 kwa wiki 4, na unywaji wao ukapungua tena. Hata hivyo, hamu yao ya pombe haikubadilika. Tena hawa walikuwa wanywaji wa kupindukia ambao hawakuwa wakitafuta tiba, si wagonjwa walio hoi.

Basi je, kudzu ni dawa ya uraibu? Baada ya miongo mitatu, jibu la haki ni kwamba ina dalili njema, lakini bado haijathibitishwa. Kama mmea uliochunguzwa na Harvard haujafika mwisho wa safari hiyo, unga usio na jina umefikaje?

MIMEA MINGINE ILIYOPIMWA

Kudzu haiko peke yake. Mmea wa Ulaya wenye maua ya njano, Hypericum perforatum, umepunguza unywaji wa panya waliozalishwa maalumu kwa kupenda pombe nchini Italia na Marekani. Mmea huo huo, hata hivyo, hudhoofisha nguvu ya dawa nyingi ukitumiwa pamoja nazo, zikiwemo dawa kadhaa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi na baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi. "Asili" si sawa na "salama".

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni iboga, kichaka cha misitu ya Gabon na nchi jirani. Kemikali yake, ibogaini, ilipunguza unywaji wa pombe kwa panya katika majaribio ya miaka ya 1990. Lakini ibogaini huvuruga mapigo ya moyo, na kuna watu waliokufa baada ya kuitumia. Panya alikunywa kidogo, lakini kwa binadamu hatari ilikuwa palepale ikisubiri.

ILIYOFIKA MWISHO WA SAFARI

Nisieleweke kwamba majaribio ya wanyama ni kazi bure. Kuna dawa iliyopita njia hiyo na kufika hospitalini, nayo ni naltreksoni. Hutengenezwa kiwandani kutokana na kemikali za mmea wa afyuni, ingawa yenyewe hailewi mtu wala haileti uraibu. Kazi yake ni kuziba mahali katika ubongo ambapo raha ya pombe hupokelewa.

Mwaka wa 1980, watafiti waliripoti kwamba nyani waliokuwa wamezoeshwa kujipatia pombe walipunguza walipopewa naltreksoni. Lakini haikuuzwa kesho yake. Mwaka wa 1992, matokeo ya majaribio mawili kwa binadamu yalichapishwa Marekani. Katika moja, lililofanywa Philadelphia kwa wagonjwa 70 kwa muda wa wiki 12, asilimia 23 ya waliotumia naltreksoni walirudia ulevi, ikilinganishwa na asilimia 54 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka wa 1994 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa uraibu wa pombe. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa tatizo hili, pamoja na nyingine iitwayo akamprosati.

Hesabu mwenyewe: kutoka nyani hadi idhini ni miaka 14. Na hata baada ya hapo, karibu robo ya waliotumia dawa kwenye jaribio lile walirudia ulevi. Wagonjwa hao walipata pia ushauri nasaha. Hawakumeza kidonge tu na kwenda nyumbani.

MBONA TUSIPIME MIMEA YETU?

Ni swali zuri, na mkoa wetu una historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Louis Leakey alianzisha kituo cha utafiti wa tumbili na nyani pale Tigoni, Limuru, ndani ya kaunti yetu hii. Taasisi iliyotokana na kituo hicho sasa iko Karen, nje kidogo ya Nairobi. Juja tunacho Chuo Kikuu cha JKUAT, na Thika yenyewe ni mji wa vyuo. Wataalamu tunao.

Mimea pia tunayo, na wazee wetu waliifahamu vyema. Mti wa mwegea, ambao Wakikuyu huuita mũratina, matunda yake hukaushwa na kutumika kuchachushia pombe ya asali. Pombe ile ilikuwa na wakati wake na watu wake: ilinywewa na wazee, katika mahari na sherehe. Wazee walijua mmea gani hulevya. Inawezekana kuna mmea ambao husaidia kuacha, lakini hilo lazima lionyeshwe kwa kupimwa.

Na kupima kuna utaratibu. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, hairuhusu mtu kumfanyia mnyama majaribio bila leseni. Utafiti unahitaji kibali cha NACOSTI. Dawa ya mitishamba inayouzwa kwa umma inapaswa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kwa hiyo mtu akikuambia "imejaribiwa kwa wanyama", una haki ya kumuuliza: wanyama gani, wapi, nani alipima, na nambari ya usajili iko wapi? Mwenye dawa ya kweli hatakasirika.

Kumbuka pia kwamba panya wa maabara hana deni la kodi ya nyumba. Hana marafiki wanaompigia simu Ijumaa jioni. Hana baa kando ya lango la ploti yake, wala mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo. Jaribio lake linapima ubongo na ini. Mambo mengine yanayomrudisha mtu kwenye chupa hayamo kizimbani.

HATARI YA KUTIA DAWA KWENYE CHAI

Sasa turudi kwa ile pakiti. Wahudumu wa afya niliowauliza walinitajia hatari tatu.

Ya kwanza ni kutojua kilichomo. Unga usiosajiliwa unaweza kuwa mizizi mitupu. Unaweza pia kuwa umechanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa, kama vile disulfiramu. Dawa hiyo ilitokana na utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka wa 1948. Huzuia mwili kumaliza kazi ya kuvunja pombe, hivyo sumu iitwayo asetaldehaidi hujaa kwenye damu. Mtu akinywa pombe juu yake, uso huwaka, moyo hudunda, hutapika, na presha inaweza kushuka ghafla. Daktari humpa mtu aliyekubali, aliyepimwa na kuonywa. Mtu aliyetiliwa kwa siri akaenda kunywa kama kawaida anaweza kufa, na aliyemtilia akajikuta mbele ya polisi.

Ya pili ni kuacha pombe ghafla. Wengi hawajui hili. Kwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, kukatiza kwa siku moja kunaweza kuhatarisha maisha. Kutetemeka, jasho na kukosa usingizi huanza ndani ya saa chache. Kifafa kinaweza kumpata ndani ya siku 2 za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4, anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo na kupandwa na homa. Hizo si pepo, wala si dalili kwamba dawa "inamtoa uchafu". Ni dharura ya hospitali. Kwa hiyo hata kama unga ule ungefanya kazi kama ulivyoahidi, ungeweza kumwua kwa kufanya kazi.

Ya tatu ni kuvunjika kwa uaminifu. Tiba ya uraibu husimama juu ya kukubali kwa mgonjwa mwenyewe. Siku atakapogundua alikuwa akitiliwa dawa, hatakunywa chai yako tena, wala hatasikiliza ushauri wako wa kwenda hospitalini.

UFANYE NINI BASI?

Anza kwa kuzungumza naye akiwa mzima, asubuhi, bila hadhira. Mweleze unachokiona, si unachomhukumia. Akikataa hospitali kwa sababu ya pombe, mwombe aende apimwe presha au ini. Wengi huingia kwa mlango huo.

Nenda naye kwenye kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Thika Level 5, na umweleze mhudumu ukweli wote: anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na dawa gani za mitishamba ametumia. Usifiche mitishamba kwa aibu. Mhudumu anahitaji kujua ili asimpe dawa zinazogongana.

Kwa ushauri wa bure kwa simu, NACADA hupokea simu kupitia nambari 1192.

Akitetemeka vibaya, akipata kifafa au akichanganyikiwa baada ya kuacha kunywa, mkimbize hospitalini mara moja. Vivyo hivyo akilalamika haoni vizuri baada ya kunywa: hiyo inaweza kuwa sumu ya methanoli. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walipoteza maisha kwa pombe yenye sumu hiyo katika kaunti kadhaa, yetu ikiwemo. Hakuna mmea wala maziwa yatakayoiondoa.

Na akirudi nyuma baada ya miezi mitatu ya kuacha, usiseme kazi yote imepotea. Hata katika majaribio bora wapo wanaorudi. Hurudishwa kwenye tiba, kama vile mgonjwa wa sukari anavyorudi kliniki sukari ikipanda.

JIBU KWA MAMA WA NGOINGWA

Wiki mbili baadaye nilimtembelea mama yule nikiwa na majibu haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Kwa hivyo hakuna dawa?"

Nikamwambia dawa ipo, tena zaidi ya moja, na mojawapo ilianzia kwenye mmea na kupitia kwa nyani. Lakini ni ile inayotolewa na mtu anayemjua mgonjwa wake, kwa mgonjwa anayejua anachomeza.

Aliniambia mumewe alikuwa amekubali jambo moja, kwenda kupimwa presha Jumatatu. Pakiti ilikuwa bado juu ya kabati, haijafunguliwa tena. Nilipoondoka alikuwa akitafuta pa kuitupa ambapo watoto hawangeifikia.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mtu akisema dawa "imejaribiwa kwa wanyama", ni maswali gani manne unapaswa kumuuliza?

2. Kwa nini matokeo ya hamsta mwaka wa 1993 hayakutosha kuifanya kudzu kuwa dawa ya binadamu?

3. Ni dalili zipi za mtu aliyeacha pombe ghafla zinazohitaji hospitali mara moja?

4. Katika mtaa wenu, ni mambo gani yasiyo ya ubongo wala ini yanayowarudisha watu kwenye pombe, na ni lipi mnaloweza kulibadilisha ninyi wenyewe?